Mkono, cheti, leseni: namna saidia fundi wa umeme anavyokuwa fundi

Kijana yuko juu ya jukwaa la mabanzi, ndani ya nyumba ambayo bado haijapigwa plasta, huko Chanika, Dar es Salaam. Mkono wa kushoto ameshika waya tatu, nyekundu, nyeusi na kijani. Mkono wa kulia ana kipande cha sabuni ya mche. Anazipaka waya sabuni kama mtu anayempaka mtoto mafuta, kisha anazisukuma ndani ya paipu. Upande wa pili wa ukuta fundi wake anavuta.

"Sukuma!"

"Imekwama, fundi. Kwenye kona."

"Usilazimishe, dogo. Rudisha kidogo, zungusha, lete tena."

Waya zinapita. Kona ile aliikunja kijana huyohuyo siku tatu nyuma, akatoa springi ya kukunjia haraka kabla paipu haijatulia, ikajibana. Siku ile hakuona tatizo lolote, na fundi hakumwambia kitu. Leo kosa la Jumatatu limemrudia mkononi, naye hatalisahau. Shule ya namna hiyo haina ubao wala mtihani, na kwa mambo ya mkono sijaona inayoishinda.

Sasa muulize kijana huyo atakuwa fundi umeme lini. Atakuambia fundi wake akimwachia nyumba nzima aifunge peke yake. Mama yake atakuambia akienda VETA, kwenye chuo cha ufundi stadi. Mwenye nyumba anayetaka kuvutiwa umeme atakuambia fundi ni yule mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu ndilo swali aliloulizwa alipopeleka maombi TANESCO, shirika la umeme. Wote watatu wanasema kweli, ila wanazungumzia vitu vitatu tofauti: mkono, cheti na leseni. Kila kimoja kina mtoaji wake na mlango wake. Vijana wengi wanaopotea njiani hupotea kwa sababu hiyo: wanadhani wakipata kimoja, viwili vingine vitafuata vyenyewe.

Mkono

Uanagenzi wa mtaani huanza na tindo. Miezi ya mwanzo saidia fundi anachimba ukuta, anapitisha paipu, anapanga maboksi ya swichi na soketi, anafagia vifusi na kutumwa Kariakoo kufuata kilichopungua. Wengine huona ni kuteswa. Lakini ukimtazama vizuri aliyechimba kuta za nyumba kumi, utakuta amejua bila kufundishwa kwamba paipu husimama wima au hulala sawa, haikatizi mshazari, kwa sababu miaka mitano baadaye mtu atapigilia msumari wa picha hapo. Amejua pia kwamba boksi likizama sana ukutani swichi haikai, na likitokeza plasta haikai.

Halafu zinakuja waya. Kwenye nyumba ya kawaida waya wa milimita mraba 1.5 ni wa taa, 2.5 ni wa soketi, na jiko au hita ya maji vinadai mnene zaidi, kwa kawaida 4 au 6. Rangi nazo ni somo. Nyumba za zamani, na nyingi za leo, zina nyekundu kwa laivu (unaoleta umeme), nyeusi kwa niutro (unaourudisha) na kijani kwa ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini). Kebo za mfumo mpya zina kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Ukifika kwenye nyumba iliyofungwa na mafundi wawili wa nyakati mbili utazikuta zote kwenye boksi moja, na hapo unajifunza kwamba rangi ni ahadi tu ya aliyetangulia. Testa na multimita ndizo za kuaminiwa.

Mtihani wa mtaani, ule ambao kila fundi humpa kijana wake bila kuutaja kuwa mtihani, ni swichi za ngazini: taa moja, swichi mbili, moja chini na nyingine juu, kila moja iweze kuwasha na kuzima bila kujali mwenzake yuko wapi. Ukiichora kwenye karatasi ni mchoro wa dakika mbili. Ukiwa na waya sita za rangi moja zinazoning'inia ukutani, kwa sababu rangi nyingine zimekwisha dukani, ni asubuhi nzima. Aliyeipata bila kuuliza huanza kuitwa "fundi" na wenzake, kwa utani kwanza, baadaye bila utani.

Baada ya miaka miwili mitatu ya namna hii kijana ana mkono. Anafunga nyumba ya vyumba vitatu na sebule kwa kasi ambayo mhitimu wa chuo aliyetoka juzi hawezi kuifikia. Hilo nimeliona mara nyingi, na simwambii mtu kwamba mtaa haufundishi. Unafundisha sana, ila hufundisha kile kinacholipwa.

Kupima hakuna pointi

Kwetu kazi ya kufunga umeme nyumbani hupatanwa kwa pointi. Taa moja pointi, soketi moja pointi, feni pointi. Unahesabu, unazidisha kwa bei, mnakubaliana. Ni mfumo rahisi, mwenye nyumba anauelewa, na ndio uliounda mtaala wa uanagenzi wa mtaani bila yeyote kukaa kuuandika. Kila chenye pointi kinafundishwa. Kisicho na pointi kinafundishwa akitokea fundi mwenye moyo. Na kupima hakuna pointi.

Nyumba ikikamilika, umeme unawashwa, taa zinawaka, feni zinazunguka, mwenye nyumba anatabasamu na kutoa salio. Kijana aliyesimama pembeni amejifunza kwamba kuwaka ndiyo dalili ya kazi kuisha. Tatizo la umeme ni kwamba karibu kila kosa la hatari linaweza kukaa ndani ya nyumba inayowaka vizuri kabisa.

Chukua swichi iliyokata niutro badala ya laivu. Taa inawaka na kuzima kama kawaida. Lakini imezimwa huku kwenye kishikio cha taa umeme upo, na anayepanda kubadilisha glopu akidhani yuko salama anaupata. Siku hizi taa za LED zimeanza kuwasema mafundi: ile taa inayometameta kwa mbali usiku wakati swichi imezimwa, mara nyingi (si mara zote) inaeleza kwamba waya uliokatwa sio.

Chukua breka inayokatika-katika. Waya wa 2.5 umewekewa breka ya ampea 20, mwenye nyumba ameongeza pasi na jiko la umeme kwenye soketi za upande mmoja, breka inakata. Kijana aliyefundishwa kuondoa kero ataweka ya 32. Kero imeondoka, pongezi zimetolewa. Lakini breka ile haikuwekwa kumlinda mtu. Iliwekwa kuulinda waya usichemke ndani ya ukuta. Ukiweka kubwa kuliko waya, umemfukuza mlinzi na kumwachia waya afanye kazi hiyo kwa ngozi yake mwenyewe. Kuna mpangilio wa soketi wa duara, waya ukitoka kwenye meni swichi, ukazunguka na kurudi, ambao hukubali breka ya 32 kwa waya wa 2.5 kwa sababu mzigo unapita njia mbili. Kijana amewahi kuona 32 na 2.5 vikikaa pamoja mahali, hakuambiwa kwa nini, akabeba namba bila sababu yake. Hili ndilo ninaloliogopa zaidi katika kujifunza kwa kutazama tu.

Ila mfano ulio mzito kuliko yote ni ethi, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Friji imeharibika kwa ndani, laivu imegusa bodi ya chuma. Bodi imeungwa na waya wa ethi mpaka kwenye fimbo iliyochimbiwa nje ya nyumba. Watu wengi, wakiwamo mafundi, wanaamini kwamba hapo umeme utakimbilia ardhini, breka itakata, mambo yameisha. Tupige hesabu. Tuseme fimbo ile kwenye mchanga mkavu ina ukinzani wa omu 50. Volti 230 gawanya kwa 50 ni ampea 4.6. Birika la umeme la wati 2000 linavuta karibu ampea 8.7, na breka ya 20 hailijali. Kwa hiyo breka haikati. Bodi ya friji inabaki na karibu volti zote 230, siku nzima, ikimsubiri mtoto anayetoka kuoga na miguu mibichi.

Kinachookoa hapo ni kifaa kingine, kile kinacholinganisha umeme unaoingia na unaorudi na kukata pale tofauti inapofika miliampea 30. Mafundi wengi bado hukiita ELCB hata kama kilichoandikwa juu yake ni RCCB. Kwa ampea 4.6 kinazoziona zikivuja, kinakata kufumba na kufumbua. Nyumba ya ethi dhaifu isiyo na kifaa hicho ni nyumba isiyo na kinga kabisa, ingawa ina fimbo, ina waya wa kijani, na ina soketi za matundu matatu.

Mtaani ethi hupimwaje? Kwa glopu. Fundi anachukua kishikio cha taa chenye waya mbili, mmoja anaugusisha laivu, wa pili ethi. Ikiwaka, ethi "ipo". Glopu ya wati 60 yenyewe ina ukinzani wa karibu omu 880. Weka nyuma yake ethi ya omu 50, itawaka. Weka ya omu 100, itawaka. Hata ya 200 itawaka, kwa unyonge kidogo ambao mchana huuoni. Kipimo kile hakisemi ethi ni nzuri, kinasema tu haijakatika kabisa.

Inazidi. Glopu hiyohiyo inavuta miliampea zipatazo 260 na kuzipeleka ardhini. Kama nyumba ina RCCB nzima, itakata papo hapo, kwa sababu kazi yake ni hiyo. Nimemshuhudia kijana akifanya jaribio hilo, umeme ukakata nyumba nzima, akarudisha, ukakata tena. Fundi wake, mtu wa miaka mingi kazini, akasema kifaa kibovu. Wakakiruka, wakaunga moja kwa moja. Glopu ikawaka, wakafurahi. Walikuwa wametoka kuthibitisha kwamba kifaa ni kizima, kisha wakakitoa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Yule mzee alifundishwa hivyo na mzee wake, wakati ambapo meni swichi nyingi hazikuwa na kifaa cha namna ile.

Vipimo vya kweli havina uchawi. Kabla umeme haujawashwa, unahakikisha kila waya wa ethi umefika bila kukatika, kila swichi inakata laivu, na unapima kwa mega ya volti 500 kama ganda la waya halijachunika ndani ya paipu; usomaji ukishuka chini ya megaomu 1, kuna mahali panapotaka kutazamwa kabla ya mwenye nyumba kuhamia. Fimbo ya ethi ina kipimo chake chenye vijiti viwili vya kuchomeka ardhini mbali nayo. Kisha unawasha, na RCCB unaijaribu kwa kitufe chake na kwa chombo. Kwa nyumba ndogo ni saa moja au mbili. Vyombo ndivyo ghali, na hapo ndipo mtaa unaposhindwa: fundi wa pointi hana sababu ya kununua chombo ambacho hakuna anayekilipia.

Cheti

Cheti ni ushahidi wa mtu wa tatu kwamba mkono wako umetazamwa. Kwa Tanzania Bara, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ni VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mafundi wa kabla yake utawasikia wakitaja majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, la kwanza likiwa ndilo la juu. Siku hizi hesabu imegeuka: unaanza ngazi ya kwanza na kupanda mpaka ya tatu, na cheti kinaitwa Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, NVA kwa kifupi. Mzee akikuambia ana "daraja la kwanza" na kijana akikuambia ana "level wani", usiwaweke kapu moja. Mmoja yuko juu ya ngazi, mwingine ndiyo anaweka mguu.

Kukifikia cheti hicho kuna milango mitatu, na watu wengi wanaujua mmoja tu.

Mlango unaojulikana ni chuo. Unajiunga na kituo cha VETA kama kile cha Chang'ombe, au chuo binafsi kilichosajiliwa, unasoma ufundi umeme ngazi kwa ngazi na kwenda kazini kwa vipindi kujifunza kwa vitendo. Chuo kina kile ambacho mtaa hauna, yaani vyombo vya kupimia na mtu anayekulazimisha kujibu "kwa nini". Upungufu wake ni wa upande wa pili: mhitimu amefunga vibao vya mazoezi vingi kuliko nyumba, na siku ya kwanza saiti hajui kumwambia mpiga plasta asizibe boksi.

Mlango wa pili ni uanagenzi rasmi, ambao huchanganya hayo mawili. Mwanagenzi ana mkataba, anagawa muda wake kati ya chuo na kampuni, na mwisho anapimwa. Ukisikia "uanagenzi pacha", ni mtindo huu, na jina hilo limetokana na mfumo wa Kijerumani, ambako kijana anayesomea ufundi umeme wa majengo hukaa miaka 3 na nusu akienda kazini na shuleni kwa zamu, huku akilipwa na mwajiri. Kwetu umejaribiwa kwenye baadhi ya vyuo vya VETA pamoja na waajiri, na Serikali nayo imekuwa ikigharamia mafunzo ya uanagenzi kwa awamu kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Nafasi hutangazwa, hujazwa, hufungwa. Anayeitaka lazima awe na mazoea ya kupita kwenye mbao za matangazo za vyuo na halmashauri, kwa sababu tangazo halimfuati mtu kwenye jukwaa la mabanzi.

Mlango wa tatu ndio wa kijana wetu wa Chanika, na ndio usiojulikana kuliko yote. Kwa lugha ya ofisini unaitwa utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtaani wanasema "kurasimisha ufundi". Huanzi darasani. Unakwenda kituo cha VETA, unajaza fomu na kueleza kazi ulizofanya na kwa muda gani. Wapimaji wanakuhoji kwa mdomo, wanakutazama ukifanya kazi, wanapima unachojua na usichojua. Wakikuta mapengo, unapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha unapimwa na kupewa cheti. Fundi wa umeme aliyelelewa mtaani asishangae pengo lake likikutwa kwenye vipimo na usalama, kwa sababu tumekwisha ona lilikotoka. Mafunzo yale mafupi, kwa maoni yangu, yana thamani kuliko karatasi inayofuata.

Wazanzibari wanaosoma haya wana njia yao: huko mafunzo ya amali yana mamlaka yake, na masuala ya leseni hayako EWURA bali ZURA. Kenya nako fundi wa stima hupita kwenye majaribio ya ufundi ya NITA na kuombea leseni EPRA. Majina yanabadilika, lakini utengano wa anayepima mkono na anayetoa ruhusa ni uleule.

Leseni

Ruhusa inatolewa na EWURA, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Cheti kinasema unaweza kufanya kazi. Leseni inasema unaruhusiwa kuifanya na kuibeba, yaani jina lako likiwa chini ya fomu na nyumba ikaungua, kuna mahali pa kukuuliza. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na cheti kizuri sana na bado akawa haruhusiwi kufunga nyumba kwa jina lake.

Leseni za ufungaji umeme zina madaraja yenye herufi: A, B, C, D na W, na S kwa kazi maalumu. Kadiri unavyopanda kuelekea A ndivyo ukubwa wa kazi unayoruhusiwa kuibeba unavyoongezeka, na ndivyo elimu na uzoefu unaodaiwa unavyoongezeka. Kijana anayeanza asiliote A; atazame madaraja ya chini, kwa sababu nyumba ya kawaida ya fezi moja ndiyo kazi atakayoipata. Maombi hufanyika kwa mtandao, kwenye mfumo wa EWURA uitwao LOIS, na huambatana na vyeti na maelezo ya uzoefu. Ukitaka kwenda mbali zaidi na kuwa na kampuni ya kuombea zabuni za majengo, hapo inaingia Bodi ya Usajili wa Makandarasi, lakini hiyo ni safari nyingine.

Leseni humuuma saidia fundi siku mteja anapoomba kuunganishiwa umeme. TANESCO haivuti waya mpaka nyumba iwe imefungwa, na inataka kazi hiyo iwe na mtu mwenye leseni anayeikubali kwa jina na mhuri. Fundi wetu amefunga nyumba nzima, vizuri au vibaya, hana mhuri. Anautafuta. Mtaani inajulikana kwamba mhuri hukodishwa: mwenye leseni anagonga karatasi ya nyumba ambayo hajaikanyaga, anapokea chake, anaondoka. Ndiyo sehemu mojawapo ya ulimwengu wa vishoka, hao watu wa kati wanaojua kila dirisha na wasio na dirisha lao.

Nitazame mambo yalivyo. Kijana asiye na leseni kufanya kazi chini ya mwenye leseni si kosa, ndiyo uanagenzi wenyewe. Kila fundi mwenye leseni alipita hapo. Tofauti ni kama mwenye leseni anafika saiti. Akifika na mega yake, akafungua meni swichi, akapima, akamuonyesha kijana kilichokosewa, mhuri ule umefundisha. Akigonga akiwa kijiweni, kijana amejifunza kwamba ukaguzi ni gharama ya karatasi, kama picha za pasipoti. Miaka kumi baadaye atakuwa na leseni yake, na atagonga hivyohivyo.

Umeme wa vijijini umeongeza uzito wa jambo hili. Miradi ya REA, wakala wa nishati vijijini, imefikisha laini karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Bara, na kuunganishwa kijijini kwa shilingi 27,000 kumewafanya watu wa nyumba za vyumba viwili nao wawe wateja. Nguzo imefika mlangoni, ila aliyeko jirani wa kufunga nyumba mara nyingi ni kijana aliyewahi kuwa saidia fundi mjini kwa mwaka mmoja, akarudi. Wenye leseni wamejaa mijini. Kwa kijana wa wilayani anayefikiria njia hii, pengo hilo ni kazi.

Kupatana na fundi

Kwa anayeanza kesho, ushauri wangu ni wa kumchagua fundi kabla ya kumchagua chuo, na wa kumchagua kwa begi lake. Mwombe umsaidie kubeba. Kama ndani kuna plaizi, bisibisi, testa, tepu na nyundo tu, ni fundi wa kuwasha. Kama kuna multimita iliyochakaa kwa kutumika, kaa naye. Kama kuna mega, mvumilie hata akiwa mkali.

Kisha patana, na usione haya. Desturi yetu ni kijana kupewa nauli na ya kula, na "tutaangalia" kwa mengine. Hiyo "tutaangalia" imewapotezea vijana miaka. Uliza mapema: nitachimba kwa muda gani kabla sijashika waya? Nikifunga pointi mwenyewe napata ngapi? Nikianguka kwenye ngazi nani ananipeleka hospitali? Utaniandikia barua ya kueleza kazi nilizofanya kwako? Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini kwenye kurasimisha na kwenye leseni ndilo litakalokuokoa, maana mahali pote pawili utaulizwa ushahidi wa uzoefu na utajikuta una kumbukumbu tu.

Jambo la usalama halipatanwi. Umeme unazimwa, unapimwa kama umezimika kweli, ndipo mkono unaingia. Fundi anayekuambia "shika tu, umevaa viatu" amekwisha kukuonyesha atakavyokufundisha mengine. Wasichana wanaoingia kazi hii, na wanaongezeka, waongeze swali moja kwa fundi: wasaidizi wako hulala wapi mkienda saiti ya mbali? Jibu likija kwa kucheka, tafuta mwingine.

Na uwe na daftari. Kila nyumba ukurasa wake: mtaa, mwezi, pointi ngapi, waya gani kwa kazi gani, breka gani, fimbo ya ethi ilichimbiwa wapi na usomaji ulikuwa omu ngapi kama ilipimwa. Simu unayo, piga picha paipu kabla ukuta haujapigwa plasta, na meni swichi ikiwa wazi kabla kifuniko hakijarudi. Mahali usomaji wa ethi ulipokosekana, acha nafasi tupu na usijaze ya kubuni. Baada ya nyumba kumi utazihesabu nafasi tupu, nawe utajua ni kipimo gani uanze kuwekea akiba.